Harufu mbaya kwenye mashine ya kusaidia kupumua usingizini: inakotoka, inavyoondolewa na wakati wa kuacha kuitumia

Mtu aliyelala hawezi kuchagua hewa anayoivuta. Kwa mgonjwa anayetumia mashine ya CPAP, hewa hiyo hupita kwanza ndani ya chombo. Huingia kupitia chujio, husukumwa na feni, hupita juu ya maji ya uvuguvugu, husafiri ndani ya mpira mrefu na kuishia kwenye barakoa iliyobana pua. Penye uchafu popote katika njia hiyo, pua ya mgonjwa huupata kabla ya macho yake. Ndiyo maana harufu mbaya katika mashine ya zamani inapaswa kuchukuliwa kama taarifa, na chanzo chake kijulikane kabla ya kuiondoa. Harufu nyingine huisha kwa maji na sabuni. Nyingine humtaka mtumiaji achomoe waya ukutani na asiiwashe tena mashine hiyo.

Mashine ya CPAP hutumiwa na watu ambao pumzi zao hukatika mara kwa mara wakiwa usingizini. Misuli ya koo inapolegea, njia ya hewa huziba, mgonjwa hukosa hewa kwa sekunde kadhaa, hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu, kisha hali hiyo hujirudia. Mwaka 1981, daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba hewa inayosukumwa puani kwa shinikizo dogo lisilokatika inaweza kuizuia njia hiyo isizibe. Mashine za leo zinafuata kanuni hiyohiyo. Hazitengenezi oksijeni wala hazina hewa ya akiba. Huchukua hewa ya chumbani na kuisukuma. Kwa hiyo kilichomo chumbani humo, uwe moshi, vumbi au dawa ya mbu, huingia kwenye mashine, na baada ya miaka sehemu ya uchafu huo huweza kubaki ndani.

Kutambua aina ya harufu

Hatua ya kwanza ni kuitaja harufu kwa jina lake. Harufu ya plastiki mpya hutokea kwenye barakoa au mpira uliotoka dukani, na kwa kawaida hufifia baada ya kuoshwa mara chache na kupigwa na hewa. Hiyo si ya kutia hofu.

Harufu ya uvundo, kama ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi, huashiria unyevu uliokaa muda mrefu. Mara nyingi chanzo chake ni tangi la maji ambalo halikumwagwa asubuhi au mpira uliohifadhiwa kabla haujakauka. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, ambako hewa ina unyevu mwingi, kuvu huota haraka kwenye vifaa vya namna hiyo. Harufu ya uchachu au ya jasho hutoka kwenye barakoa na mikanda yake, ambako mafuta ya ngozi, mate na jasho hujikusanya kila usiku.

Harufu ya moshi ina asili yake pia. Sigara, jiko la mkaa lililo karibu na dirisha, dawa ya mbu ya kuchoma, ubani na udi vyote huvutwa na feni. Nyumba inayofukizwa udi kila jioni inanukia vizuri kwa wageni, lakini chembe za moshi huo hujaa kwenye chujio na kuingia hadi kwenye sponji ya ndani inayopunguza kelele za mashine. Mashine iliyokaa stoo kwa muda mrefu inaweza pia kuwa na harufu ya mende au panya walioingia kupitia tundu la hewa.

Harufu mbili zilizobaki zinahitaji tahadhari kubwa. Moja ni ya kuungua, kama ya waya au plastiki iliyopata moto, ambayo huonyesha hitilafu ya umeme au ya mota. Nyingine ni harufu kali ya kemikali ambayo haikuwapo hapo awali, hasa ikiambatana na punje nyeusi kwenye mpira au kwenye barakoa. Katika hali zote mbili mashine izimwe na ichomolewe kwenye umeme. Usafishaji wa nyumbani hauhusiki tena.

Kutafuta harufu inakotoka

Watumiaji wengi huosha kila kitu kwa pamoja na kuirudishia mashine vifaa vyake, kisha harufu ikibaki hawajui ilipo. Njia yenye uhakika zaidi ni kutenganisha. Mashine ichomolewe, iachwe ipoe, kisha barakoa, mpira, tangi la maji na chujio viondolewe na kila kimoja kinuswe peke yake. Mpira na tangi viangaliwe kwenye mwanga. Ukungu, utelezi, madoa au ukoko mweupe hujionyesha kwa macho.

Iwapo hakuna punje nyeusi wala harufu ya kuungua, mashine inaweza kuwashwa kwa dakika chache kwenye chumba chenye hewa ya kutosha, ikiwa na chujio jipya, bila mpira wala barakoa, na bila tangi la maji endapo muundo wake unaruhusu. Hewa inayotoka ikiwa haina harufu, tatizo lilikuwa kwenye vifaa vya nje, ambavyo vinaoshwa au kubadilishwa. Hewa hiyo ikinuka, tatizo limo ndani ya mashine yenyewe, mahali ambapo maji na sabuni havipaswi kufika.

Ipo pia hali ambayo harufu haitoki kwenye mashine kabisa. Maambukizi ya pua na mianzi yake, au ugonjwa wa fizi, humfanya mgonjwa ahisi harufu mbaya ndani ya barakoa iliyo safi. Mtu mwingine wa nyumbani akinusa vifaa hivyo na asihisi chochote, mgonjwa aende kwa daktari au kwa daktari wa meno.

Kuosha kila sehemu

Barakoa, hususan sehemu laini inayogusa uso, huoshwa kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya maji isiyo na manukato. Mikanda yake, mpira wa hewa na tangi la maji huoshwa angalau mara moja kwa wiki. Kabla ya kuoshwa, barakoa itenganishwe vipande vyake, kwa kuwa uchafu mwingi hujificha kwenye maungio. Mpira hujazwa maji ya sabuni, hushikwa ncha zote mbili na kutikiswa, kisha husuuzwa mara kadhaa hadi povu lote liishe. Sabuni inayobaki ndani huwa chanzo cha harufu nyingine na huweza kuwasha koo. Mpira wenye nyaya za kupasha hewa joto huoshwa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji wake.

Tangi la maji humwagwa kila asubuhi bila kusubiri liishe. Maji ya jana hayaongezewi maji ya leo. Iwapo uvundo au ukoko umeshajitokeza, miongozo mingi huruhusu kuloweka tangi kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji, kwa mfano sehemu moja ya siki kwa sehemu tatu za maji, kwa muda wa nusu saa, kisha kulisuuza vizuri. Kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine husika ndicho kinachotangulia pale kinapotofautiana na hiki. Siki huyeyusha ukoko wa chokaa na kupunguza kuvu. Hata hivyo, tangi lililopasuka, lililopata ukungu au lenye madoa yasiyotoka linapaswa kubadilishwa.

Maji yanayopendekezwa kwenye tangi ni yale yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji, kwa kuwa hayana chumvi inayoganda. Maji ya visima vingi vya ukanda wa pwani yana chumvichumvi, na ukoko wake huonekana kwenye tangi baada ya siku chache tu. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi hiyo. Tahadhari inahitajika kwa wanaonunua maji ya betri kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri. Maji hayo hayakuandaliwa kwa matumizi ya tiba, na chupa zake huweza kufanana na za tindikali ya betri inayouzwa kwenye rafu hiyohiyo. Maji ya kutumia yanunuliwe kwenye duka la dawa au la vifaa tiba.

Chujio ndilo kifaa cha bei ndogo kinachosahaulika kuliko vyote. Likaguliwe kila mwezi. Chujio la karatasi au la nyuzi nyeupe halioshwi. Likigeuka rangi au kuziba hutupwa na kuwekwa jingine, na hata lisipoonekana chafu halipaswi kuzidi miezi 6. Katika nyumba yenye vumbi au moshi muda huo ni mrefu mno. Baadhi ya mashine zina chujio la ziada la sponji ambalo huoshwa, hukamuliwa na kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa.

Mwili wa mashine hauloweshwi. Hupanguswa kwa nje kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, ukiwa umechomolewa kwenye umeme. Vifaa vilivyooshwa hukaushwa kivulini, penye upepo. Jua kali la mchana hukausha haraka, lakini pia hukakamaza plastiki na kuipasua. Mpira hutundikwa ncha zote mbili zikielekea chini ili maji yachuruzike.

Vitu visivyopaswa kutumika

Desturi ya nyumbani humshawishi mtu atumie kile kinachoondoa harufu chooni au jikoni. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, spiriti, dawa za kuua vijidudu zenye harufu kali, mafuta ya mikaratusi au ya karafuu, na manukato ya aina yoyote havifai kuwekwa kwenye tangi, mpira wala barakoa. Vinaharibu plastiki na mpira laini, na mvuke wake husukumwa moja kwa moja hadi mapafuni kwa saa saba au nane mfululizo. Kinachovumilika kwa dakika tano bafuni hakivumiliki usiku kucha puani.

Zipo pia mashine ndogo zinazouzwa kwa ahadi ya kusafisha CPAP bila maji, kwa kutumia gesi ya ozoni au mwanga wa urujuanimno. Februari 2020, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliwatahadharisha wagonjwa kwamba vifaa hivyo havikuwa vimeidhinishwa nayo kwa kazi ya kusafisha mashine za CPAP na vifaa vyake. Ozoni huondoa harufu, na hilo ndilo huwavutia wanunuzi. Lakini gesi hiyo huwasha njia ya hewa, hasa kwa wenye pumu na magonjwa mengine ya mapafu, na inaweza kubaki ndani ya mpira baada ya usafishaji kumalizika.

Fundisho la mwaka 2021

Sababu ya kutopuuza harufu ya kemikali ilionekana wazi mwezi Juni 2021, kampuni ya Philips ilipotangaza kuondoa katika matumizi mamilioni ya mashine zake za kusaidia kupumua, zikiwamo DreamStation za toleo la kwanza. Sponji ya poliyurithani iliyowekwa ndani kupunguza kelele ilikuwa na uwezekano wa kumeng'enyuka na kutoa punje nyeusi pamoja na kemikali ambazo mgonjwa angeweza kuzivuta au kuzimeza. Miongoni mwa madhara yaliyotajwa ni maumivu ya kichwa, muwasho wa macho, ngozi na njia ya hewa, pamoja na uwezekano wa madhara ya muda mrefu kwa viungo vya mwili. Mashine zilizohusika zilitengenezwa kabla ya tarehe 26 Aprili 2021.

Mambo yaliyotajwa kuharakisha uharibifu huo yalikuwa joto kali, unyevu mwingi na njia za usafishaji zisizoidhinishwa, ikiwamo ozoni. Mtumiaji wa ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki anaishi na mawili ya kwanza mwaka mzima. Aidha, mgonjwa aliyekuwa akitumia ozoni ili kuondoa harufu huenda alikuwa akiiharibu sponji ileile iliyotoa harufu. Hilo linaeleza kwa nini chanzo hutafutwa kabla ya dawa.

Mashine ikishathibitika kunuka kwa ndani, hakuna njia salama ya kuiosha nyumbani. Kwa harufu hafifu ya moshi au ya stoo, inaweza kuwekewa chujio jipya na kuachwa ifanye kazi mahali penye hewa safi kwa saa kadhaa, bila mtu kuivaa. Harufu ikiendelea, ina maana imekwishaingia kwenye sponji. Kumpelekea fundi wa vifaa vya kawaida vya umeme aifungue na kuweka kipande cha sponji ya godoro ni kosa la hatari. Sponji hiyo haikutengenezwa kwa kazi hiyo, hakuna ajuaye itatoa nini ikipata joto, na inaweza kubadili mkondo wa hewa uliopangwa kwa ajili ya mgonjwa. Kazi hiyo ni ya mtengenezaji, wakala wake au mhandisi wa vifaa tiba.

Mashine iliyotumika na mtu mwingine

Mashine nyingi za zamani huwafikia wagonjwa kama zawadi kutoka kwa ndugu walio nje ya nchi, au hununuliwa mtandaoni kwa bei nafuu. Nia ya mtoaji huwa njema, lakini yapo mambo ya kuhakikisha kabla ya usiku wa kwanza. Namba ya toleo na namba ya utambulisho zilizobandikwa chini ya mashine zilinganishwe na matangazo ya mtengenezaji ili kujua kama iliwahi kuondolewa katika matumizi. Barakoa, mpira, tangi na chujio vya mtumiaji wa kwanza visitumike tena, hata vikiwa havina harufu. Kebo ya umeme ikaguliwe kama inakubali volti 230 zinazotumika nchini.

Muhimu zaidi, shinikizo la hewa lililowekwa kwenye mashine hiyo lilipimwa kwa ajili ya mtu mwingine. Mashine nyingi zinaweza kurekebishwa kati ya vipimo 4 na 20 vya sentimita za maji, na tofauti hiyo ni kubwa kwa koo la mgonjwa. Daktari ndiye anayepaswa kuelekeza kipimo. Umri wa mashine nao uzingatiwe, kwani nyingi hubuniwa kufanya kazi kwa takriban miaka 5. Mashine ya miaka 10 inayonuka hata baada ya kuoshwa imekwishamaliza muda wake.

Mashine inaposimama, ugonjwa hausimami

Mgonjwa anayeambiwa aache mashine yake anakabiliwa na hatari ya pili. Pumzi huanza kukatika tena, usingizi huharibika, na mchana mtu husinzia kazini au barabarani. Kwa dereva wa basi, lori au bodaboda, kusinzia huko kunaweza kugharimu maisha yake na ya wengine. Kwa sababu hiyo uamuzi wa kuacha au kuendelea hufanywa pamoja na daktari, tena mapema, bila kusubiri tarehe ya kliniki. Anayesubiri mashine nyingine hunufaika kwa kulala ubavu badala ya chali, kuepuka pombe na kutotumia dawa za usingizi bila ushauri. Hatua hizo hupunguza tatizo kwa muda lakini hazichukui nafasi ya tiba. Mgonjwa anayesinzia mchana asiendeshe chombo cha moto.

Mgonjwa anayetumia mashine kubwa ya kupumulia ambayo maisha yake yanaitegemea hapaswi kuizima mwenyewe kwa sababu ya harufu. Anapaswa kuwasiliana na hospitali yake mara moja ili apatiwe nyingine kwanza.

Kutoa taarifa

Tanzania Bara, usimamizi wa ubora na usalama wa vifaa tiba uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyopata jina hilo mwaka 2019, na mamlaka hiyo hupokea taarifa za madhara yanayohusishwa na vifaa hivyo. Mtumiaji aliyekuta punje nyeusi, aliyesikia harufu ya kuungua au aliyepata maumivu ya kichwa, kikohozi au muwasho baada ya kutumia mashine anaweza kutoa taarifa yeye mwenyewe au kupitia kituo cha afya kinachomhudumia. Taarifa yenye manufaa hubeba jina la mtengenezaji, namba ya toleo, namba ya utambulisho, mahali ilikonunuliwa au ilikotoka, njia iliyotumika kuisafisha na picha za kilichoonekana. Mashine yenyewe ihifadhiwe kwenye mfuko uliofungwa, isitupwe kabla ya kuchunguzwa.

Ikifika wakati wa kuitupa, isichomwe moto pamoja na taka za nyumbani, na asipewe mgonjwa mwingine kwa sababu tu bado inawaka. Ikabidhiwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye kibali.

Kwa aliye na mashine nzima inayohitaji usafi tu, kazi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Tangi limwagwe kila asubuhi, barakoa ioshwe kila siku, mpira utundikwe ukauke, chujio libadilishwe kwa wakati, na ubani ufukizwe katika chumba kingine. Mashine inayotunzwa hivyo kwa kawaida hainuki. Ikianza kunuka licha ya hayo yote, mtumiaji atakuwa na sababu ya kuiamini pua yake na kutafuta ushauri siku hiyohiyo.